Maua Kumi na Manne na Nusu

Rayya mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga Nasra. Umevaa buibui jipya, umejifukiza udi mpaka ukumbi mzima unanukia, umechukua sahani ya halua na kunambia, "Mama, sikai, narudi sasa hivi." Hiyo ilikuwa mara tu baada ya sala ya alasiri. Sasa jua linaondoka kwenye ukuta wa jirani na sahani yangu haijarudi. Mimi utaniaga kesho asubuhi mlangoni, mjomba wako Salim keshawasha gari na anatuhimiza kwa honi, kwa sababu anataka kupita Sinau kabla ya joto. Nasra kapata alasiri nzima, mimi nitapata honi. Nimeliona hilo, tena limeniuma, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi, ingawa najua unakisoma kwa kusuasua na maneno mengine utataka kuyaruka. Usiyaruke. Nipigie simu nikwambie maana yake. Hiyo nayo ni hila yangu, nataka unipigie.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kufunga mlango wa bweni kwa komeo, mke wa mjomba wako keshakwambia yote, tena kwa kuhesabu vidole. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile la zile kanda arubaini za kuzungushia kofia zilizoharibika nyumbani kwa Nasra kabla ya Idi, ambazo mpaka leo unasema umeziharibu wewe. Nimelikalia jambo hili miezi na miezi. Kesho unakwenda Nizwa, kwenye kiwanda cha kanzu na kofia, kuzielekeza mashine zinazoshona zenyewe, na sitaki uende nalo.

Lakini niache nianze mbali, kwa sababu nikianza na hilo utaikunja barua.

Mama yako ana wivu. Baba yako anajua, ndugu zangu wanajua, na Nasra anajua kuliko wote kwa kuwa tumekua pamoja. Tulikuja huku Oman, hapa Ibra, mwaka ule ule kutoka Unguja, watoto wa miaka tisa, kumi, Kiarabu hatukijui na shuleni wanatucheka. Jioni tukikaa kwenye mkeka wa bibi yako, mama yangu, tunajifunza kushona kofia za viua. Yeye anachora kwa penseli kwenye bafta iliyokunjwa mara mbili, sisi tunatoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi mpaka likaze. Nasra alikuwa na mkono mwepesi. Mimi nilikuwa mtoto wa mwenye nyumba.

Bibi yako alipoona macho yake yamechoka, alitoa lile bati la biskuti lenye karatasi zake za michoro akanipa mimi. Nasra alikuwepo, na alistahili kuliko mimi, nakwambia leo kwa mkono wangu. Alitoka nje akalia. Nami nilifurahi kwa kuwa amelia. Tangu siku hiyo lile bati limekaa kabatini kwangu chini ya mashuka, na ufunguo wa kabati unaujua unapokaa, yaani hapa kifuani.

Unajua tunavyouza Jumatano kwenye soko la wanawake. Kofia huvaliwa na wanaume, na wanaume hawaingii sokoni kwetu, kwa hiyo tunashonea vichwa tusivyoviona. Mke anakuja na kipande cha uzi kilichopigwa fundo mahali kichwa cha mumewe kinapoishia. Unaupokea uzi, unaupima, unajua maua mangapi yatazunguka ukanda. Mchoro wa bibi yako ni maua kumi na matano kwa kichwa cha kawaida, na la mwisho linakutana na la kwanza kama walizaliwa pamoja. Wanunuzi huigeuza kofia ndani nje, wanatafuta pale ukanda unapofungia, na wasipopaona wanatikisa kichwa. Nilikuwa nikiishi kwa ule mtikiso wa kichwa, mwanangu. Nilikuwa nikiangalia na Nasra anatikisiwa mara ngapi.

Watu walipoanza kutaka kofia nyingi nikatafuta wanawake wa kunisaidia. Mmoja nikampa kutoboa. Mmoja nikampa kuzungushia uzi kwenye kipande cha juu. Mwanaidi, yule wa Tanga anayefanya kazi nyumbani kwa jirani, nikampa ukanda, anashona Ijumaa akiwa na ruhusa. Hakuna hata mmoja niliyemfundisha kuchora wala kufunga. Mwanaidi aliniomba. Alisema, "Bi Zuwena, shikamoo, mimi n'ataka kuijua yote, nikirudi kwetu nishone yangu." Nikamwambia inshallah, kwa ile inshallah yetu ya kumfunga mtu mdomo. Niliogopa atajua kuliko mimi. Na wewe nilikufanya hivyo hivyo. Tangu una miaka minane unazungushia tundu uzi na kastabini yangu kidoleni, na kila ukiniomba penseli nakwambia bado.

Basi Nasra akanunua ile mashine. Nakumbuka siku ilipoingia, wanaume wanne wanaibeba na yeye yuko mbele anawaamrisha kama bibi harusi aliyeletewa kabati. Nilikwenda kuitazama nikijidai napeleka kahawa. Sindano zinashuka zote kwa pamoja, kitambaa kinakwenda huku na huku chenyewe, na maua yanatoka. Niligeuza kile kitambaa nyuma. Kazi ilikuwa safi. Nilitamani iwe chafu, wallahi, niliomba iwe na nyuzi zinazoning'inia. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba kazi ya mashine haina baraka. Akaniuliza, "Imekosea wapi?" Nikamlaumu kwa kutojua kofia.

Ndani ya miezi michache wanawake wangu wakakosa kazi. Wanunuzi wengi walihamia kwa Nasra, na wachache waliobaki nilitosha mwenyewe kuwashonea. Nilikuwa nikilia sana siku hizo, na wewe ukidhani nawalilia wao. Nilikuwa nalilia jina langu. Mwanaidi alikuja Ijumaa akakuta sina ukanda wa kumpa, akanikunjia nguo zilizokuwa juu ya kochi, akaenda zake. Yeye ndiye aliyepoteza, na hata kulalamika hakulalamika. Nimekaa na hilo mpaka nikalielewa, na nimechelewa. Ile mashine ilichukua kile kile nilichowapa wale wanawake: kipande kimoja, kile kile, bila ya kuuliza kofia nzima itakuwaje. Kama Mwanaidi angejua kuchora na kufunga ningekuwa na la kumpa, au yeye angekuwa na lake. Nilimnyima kwa wivu, kisha mashine ikamkuta hana kitu.

Halafu wewe ukaanza kwenda kwa Nasra. Kwanza ulikuwa ukienda kutazama, halafu kusaidia, halafu mchana kutwa. Siku ya kwanza tu alikuweka mbele ya kompyuta akakwambia, "Chora." Ulirudi nyumbani uso unawaka. Miaka kumi na tano nimekwambia bado, na yeye kakwambia chora kabla hujanywa maji. Na siku moja tunakula ukasema, "Mama Nasra anakusalimu." Mwanzo alikuwa Khalti Nasra, mama mdogo tu. Mkono ulinisimama kwenye sahani. Baba yako aliniona, akasogeza bakuli la achari ili niwe na kitu cha kufanya.

Sasa nafika.

Kabla ya Idi ulinijia na heshima zote, ukakaa chini miguuni pangu. "Mama, tafadhali. Mpe mimi ile mchoro ya bibi, ya ukanda. Mama Nasra anataka kushona nayo arubaini, na itaandikwa jina la bibi." Kiswahili chako kilinichekesha na maneno yako yakanichoma. Mchoro wa mama yangu, kwa Nasra, kwa mkono wa mwanangu. Nilikwambia nitakupa kesho.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, wewe na baba yako mmelala, nilifungua bati. Nilitoa karatasi ya bibi yako, nikaweka nyingine juu yake, nikachora upya. Kila ua nililitanua kidogo, unene wa uzi tu. Nilitumia rula yako ya shule. Ukitazama ua moja huoni kitu. Ukiyapanga yote, kichwa cha kawaida kinakwisha na ua la mwisho limeingia nusu. Pembeni nikaandika kwa maandishi ya bibi yako, ambayo najua kuyaiga: maua kumi na matano. Nilikuwa na akili zangu timamu, mwanangu. Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Ulipoamka nikakupa, ukaenda nayo kwa Nasra, na jioni ile ile ukarudi, karatasi mkononi. Hili nakumbuka kila neno lake.

"Mama, nimepima. Hii maua haitoshi kumi na tano. Mimi naona kumi na nne na nusu."

Nikasema, "Bibi yako kashona kumi na tano kabla mimi sijazaliwa."

"Najua, Mama, lakini shuufi, tazama, nimehesabu kwa kompyuta na kwa rula."

"Kachukue kofia ya baba yako. Hesabu."

Ukaenda, ukahesabu. Kumi na tano, bila shaka, kwa kuwa ile nimeishona kwa karatasi ya kweli. Nikakutazama unavyoihesabu mara ya pili. Nikakuona unaanza kujitilia shaka, na nikakuacha. Nikakwambia, "Ya binti, unanifundisha mimi hesabu? Fuata karatasi." Ukasema, "Khalas, Mama, samahani." Ukanibusu mkono.

Mkono wa mtu, hata wa mtoto, ungelijua kosa kabla ukanda haujafika nusu. Mashine haiulizi. Ilishona kanda arubaini, zote nzuri, zote ndefu kuliko kichwa kwa nusu ua. Nasra alipoanza kuzifunga kwenye vipande vya juu hakuna hata mmoja uliokubali. Ulirudi nyumbani ukiwa umevimba macho, ukanambia, "Mama, nimemharibia Mama Nasra. Nimekosea kuhesabu." Na mimi nikasema, nisamehe, nikasema, "Ndiyo maana nilikuwa nakwambia bado."

Mungu anisitiri. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Karatasi niliichora kwa wivu, lakini lile neno nililisema huku nakutazama.

Nilidhani utarudi kwangu. Ndilo nililolitaka, utachoka na mashine na utarudi mkekani. Badala yake ulikwenda kukaa kwa Nasra siku sita. Kwenye kila ukanda, mmoja mmoja, uliikata nusu ya ua iliyozidi, ukaifumua nusu iliyobaki, na pale palipobaki wazi ukashona kwa mkono kitu kidogo, umbo la kokwa ya tende, matundu saba umeyazungushia uzi kama nilivyokufundisha. Mashine haiwezi kuingia pale, ni padogo na ukanda umeshafungwa. Ukamwita Mwanaidi akusaidie usiku, akimaliza kazi kwa jirani, na kabla hamjamaliza ulikuwa umeshamfundisha kuchora kokwa na kufunga ukanda. Kwa siku sita. Mimi nilimnyima miaka.

Jumatano ile kofia zikaenda sokoni, nami nikakaa kwenye meza yangu nikisubiri aibu ya Nasra. Wanawake walizigeuza, wakatafuta mahali pa kufungia, wakaiona kokwa. Mmoja akasema, "Allah, hii nini?" Nasra akasema, "Hiyo ni kazi ya Rayya, binti yake Zuwena." Alinitaja. Angeweza kusema binti yangu mimi, na watu wangeamini. Jumatano iliyofuata wakaja wanunuzi wa miji ya Jalan na Sur wanauliza kofia ya kokwa. Siku ya Idi baba yako akatoka chumbani kaivaa. Ameiacha yangu, niliyomshonea kwa mwezi mzima, iko kitandani. Sikumsemesha mpaka magharibi, na yeye, maskini, alidhani nimekasirikia nyama.

Ndipo akaja yule mama wa Nizwa, msimamizi wa kiwanda, akaigeuza kofia akauliza nani aliyefikiri hivi. Kwa hiyo unaona mambo yalivyo. Unaniacha kwa sababu ya kokwa, na kokwa ilizaliwa na karatasi yangu ya uongo. Nilitaka kukufunga kwangu na nimekupeleka Nizwa mwenyewe. Nimecheka peke yangu jikoni kwa hilo, kicheko kisicho na raha.

Ningeweza kunyamaza. Mambo yameishia vizuri, mtu angesema. Lakini nakuona. Tangu siku ile unahesabu kila kitu mara tatu. Unahesabu visahani, unahesabu rakaa kwa vidole, jana ulizihesabu nguo za begi, ukazitoa, ukazihesabu tena. Yule mama wa kiwanda alipokuuliza una kasoro gani, ulimwambia, "Huwa nakosea hesabu," nami nimekaa pembeni yako nakunywa kahawa yake. Kasoro hiyo nimekupa mimi.

Na huko unakokwenda, watu watakwambia fuata karatasi. Ulinisimulia kuhusu wale wasichana wanaoshona mifuko ya kanzu, kwamba mashine ya mifuko inakuja na wao hawajaambiwa. Ulisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa wewe ndiye utakayeifundisha hiyo mashine. Mimi siwezi kukwambia usiifundishe. Ningekuwa nasema kwa wivu wangu wa siku zote, na mashine ingekuja hata hivyo na mtu mwingine. Lakini ukipewa nafasi ya kusema, waambie mapema. Na wao wanaojua mifuko tu, waonyeshe kola, waonyeshe mkono, wawekee kanzu nzima mezani. Mtu aliyejua nguo nzima anaweza kukaa mbele ya mashine akaikosoa. Aliyejua mfuko tu, mama yako keshamfanyia hivyo Mwanaidi, na unajua alivyoondoka. Siku hizi Nasra anamwita Ijumaa kufunga kokwa. Ni kazi ya upana wa kidole badala ya ukanda mzima, lakini anachora mwenyewe, na juzi nilimwona anabuni ua ambalo sijawahi kuliona. Ndiyo, niliona wivu. Nikamsifu hata hivyo, na sauti ilitoka.

Jumatano nitamwambia Nasra kuhusu karatasi. Nitamwambia mwenyewe, sokoni, mbele ya meza yake, kwa hiyo usinitangulie. Pia nitamwambia kuhusu siku bibi yako aliponipa bati. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kunimwagia kahawa.

Nasikia lango, umerudi. Nasikia unacheka na baba yako ukumbini. Kama sahani imerudi tupu nitafurahi kwamba Nasra kapenda halua yangu, na nitaumia kwamba mmeila pamoja. Sitapona yote kwa barua moja.

Bati liko chini kabisa ya begi lako, nimelifunga ndani ya kanga yangu ya kijani. Begi ulishalihesabu, kwa hiyo usishangae ukikuta kitu kimezidi. Michoro yote ya bibi yako imo, na ufunguo wa kabati umo. Juu kabisa nimeweka karatasi mbili za ukanda, ile yake na ile yangu. Ukifika Nizwa, kabla ya kitu chochote, ziweke mezani pamoja upime kwa rula yako.

Kumi na nne na nusu, Rayya. Ulihesabu sawa mara ya kwanza.

Mama yako,
Zuwena